Bi Kadi wa Ghorofa ya Tatu

Jina la Bi Kadi hakupewa na wazazi wake. Alilipata kliniki, alikofanya kazi miaka kumi na tisa katika chumba cha kadi za wagonjwa. Kilikuwa chumba chembamba chenye dirisha dogo la kupokelea watu na rafu zilizopanda mpaka darini. Mgonjwa alikuwa hajamaliza kutamka jina la baba yake, kadi tayari iko mkononi mwa Bi Kadi. Wauguzi walimtania kwamba siku yake ikifika watamzika kwa mpangilio wa alfabeti. Kisha kompyuta zikaja, rafu zikabomolewa, naye akapewa barua ya shukrani na saa ya ukutani.

Wakati huo alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alikaa nyumbani miezi minne, akipanga na kupangua vyombo vya jikoni, mpaka mumewe, ambaye ni fundi redio, akawa anatafuta vijiko ndani ya nyumba yake kama mgeni.

"Mama watoto," mumewe alimwambia, "tafuta kazi. La sivyo kesho nitaamka nimewekwa kwenye rafu ya herufi M."

Kazi aliipata ghorofa ya tatu ya jengo ambalo lifti yake ilibandikwa karatasi ya "Inatengenezwa", na karatasi yenyewe ilikwisha kugeuka rangi. Ilikuwa ofisi ya washauri wa fedha. Watu walipanda ngazi wakihema, wakaja kuuliza wakiweke wapi kiinua mgongo, karo ya watoto iwekewe akiba ya namna gani, na bima ipi ni ya kweli na ipi ni maneno matupu. Bi Kadi alikaa mapokezi: meza moja, simu moja, makochi mawili ambayo moja lilikuwa limelemea upande, na ua la plastiki lililohitaji kufutwa vumbi kila Jumatatu.

Washauri walikuwa watatu. Mkurugenzi, aliyeianzisha ofisi, alikuwa mtu mrefu aliyetembea haraka hata akienda msalani. Wa pili walimwita Profesa, si kwa sababu ya shahada bali kwa miwani yake na wingi wa maneno. Wa tatu alikuwa dada wa miaka ishirini na tisa aliyezoea kuchomeka kalamu kwenye nywele kisha akaitafuta mezani, kwenye droo, na chini ya kiti. Wakamwita Kalamu.

Kati ya mapokezi na vyumba vya washauri palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, na wiki ya kwanza tu Bi Kadi alitambua kwamba alikuwa ameajiriwa na ofisi tatu ndani ya moja. Kalamu akimaliza na mteja, kesho yake alimwandikia barua: tulizungumza hili, tukakubaliana lile, ada yetu ni kiasi hiki. Profesa hakuandika chochote. Alimsindikiza mteja mpaka kwenye ngazi, mkono begani, wakicheka, na kicheko hicho ndicho kilikuwa barua yake. Mkurugenzi aliandika alipokumbuka, na alikumbuka mteja alipopiga simu kulalamika. Kwa hiyo mtu alihudumiwa kulingana na bahati yake, kwamba siku ile ya kwanza aliangukia mlango gani.

Bi Kadi aliyaona hayo, akanyamaza. Mgeni hapangi vyombo vya mwenye nyumba.

Kilichomfungua mdomo ni mwalimu. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, aliyefundisha darasa la kwanza maisha yake yote, na bado alizungumza polepole akiipa kila silabi haki yake. Mumewe alikuwa amefariki miezi miwili kabla, naye alitaka ushauri juu ya fedha za bima alizoachiwa. Siku ya kwanza alimpata Profesa. Alimsimulia jinsi mumewe alivyotoka uani kufunga bomba la maji, akachelewa, yeye akamwita mara mbili akidhani amempuuza kama kawaida yake, kumbe mwenzake ameshaanguka. Alilia. Profesa alimwacha alie mpaka akatosheka, na Bi Kadi akapeleka maji ya kunywa.

Baada ya wiki mbili alirudi. Profesa alikuwa ametoka, Kalamu akampokea. Alifungua kompyuta akakuta jina na namba ya simu, basi.

"Samahani, mwalimu," alisikika akisema. "Naomba unieleze tangu mwanzo."

Mwalimu akaeleza tangu mwanzo. Bomba, kuita, kimya.

Mara ya tatu Kalamu alikuwa kwenye mafunzo na Profesa alikuwa na mtu mwingine, kwa hiyo Mkurugenzi alijitokeza mwenyewe, akampa mkono kwa furaha. "Karibu sana, mama. Na mzee leo umemwacha nyumbani?"

Bi Kadi alifumba macho. Nyuma ya ukuta wa mbao alimsikia mwalimu akijibu kwa sauti ya mtu anayeita majina ya wanafunzi asubuhi: "Mume wangu amefariki. Alikwenda kufunga bomba. Nilimwita. Hakuitika."

Hakumaliza hata robo saa. Alipotoka alisimama mbele ya meza ya mapokezi, akafunga vizuri zipu ya mkoba wake.

"Mdogo wangu," alisema, "mume wangu nimemzika mara moja makaburini. Humu kwenu nimeshamzika mara tatu. Sina nguvu ya mara ya nne."

Akashuka ngazi akishikilia ukingo, hatua moja moja.

Jioni ile Bi Kadi hakula vizuri. Mumewe alizima redio aliyokuwa akiitengeneza, akamuuliza kulikoni, naye akamweleza.

"Kule kliniki ingekuwaje?" mumewe aliuliza.

"Kule kadi ilitangulia, mgonjwa akafuata. Daktari aliyekuja zamu alijua aliyoyajua mwenzake wa jana."

"Basi itangulize na huku." Akawasha tena kifaa chake cha kuchomea waya. "Ila ukianza kupokea watu vizuri, na mimi nimo. Jana nimeingia hapa, nimeulizwa viatu kabla ya salamu."

Asubuhi Bi Kadi aligonga mlango wa Mkurugenzi na kumwambia anataka kuwafungulia wateja kadi.

"Bi Kadi, tuna kompyuta."

"Kompyuta ipo, bosi. Ndani yake kuna jina la mwalimu na simu yake. Marehemu hayumo."

Mkurugenzi aligeuza kalamu mezani. Yaliyompata jana alikuwa hajayasahau. "Unataka nini hasa?"

"Dakika tano za kila mmoja wenu, mteja akitoka, kabla hajaingia mwingine. Mnaniambia, naandika."

"Sawa. Mradi usiniongezee kazi."

Alinunua kadi ngumu kwa hela zake, na mumewe akamtengenezea sanduku la mbao kutokana na kasha la redio ya zamani. Kwenye kila kadi aliandika mteja anapenda kuitwaje, jambo gani asiulizwe ovyo, ameahidiwa nini, na nani, na kwa siku gani. Kila asubuhi alitazama waliopangwa kuja, akaweka kadi ya kila mmoja juu ya meza ya mshauri kabla mwenyewe hajafika. Mtu akija bila miadi, kadi ilimtangulia kwa hatua tano tu, lakini ilimtangulia.

Alimpigia simu mwalimu pia, akamwambia kwamba sasa hatasimulia tena. Mwalimu alimshukuru. "Nimeshapata mahali pengine, mdogo wangu. Lakini hilo unalolifanya, lifanye." Bi Kadi aliweka simu chini, akamwondoa kwenye orodha ya wateja, na kazi ikaendelea.

Kalamu alizipenda kadi tangu siku ya kwanza. Mkurugenzi alizitumia akikumbuka. Profesa alikataa katakata. Alijigonga paji la uso kwa kidole.

"Wateja wangu wanakaa humu, Bi Kadi. Paa la humu halivuji."

"Hata kichwa huugua, Profesa."

"Hiki changu bado hakijaniangusha."

Miezi mitatu ikapita. Jumamosi moja wakaja ndugu wawili, vinyozi wenye saluni yao pamoja. Walikuwa wamewekeza siku moja, kiasi kilekile, ila mdogo alihudumiwa na Kalamu na mkubwa alihudumiwa na Profesa. Mkubwa alishika mkononi barua ya mdogo wake.

"Nimeikuta kwenye droo ya mikasi," alimwambia Mkurugenzi. Hakukaa. "Mwenzangu ameandikiwa kila kitu, mpaka ada mnazokata. Mimi nimepata kicheko na kusindikizwa. Tumetoka tumbo moja, tumelipa sawa. Kwenu mimi ni mtoto wa kambo?"

Mdogo wake alitazama pembeni kwa aibu, lakini hakumzuia.

Jumatatu Mkurugenzi aliita kikao. Walikubaliana mambo machache, Bi Kadi akayaandika. Kila mteja atapata barua ndani ya siku mbili, yenye maneno ambayo mtu hahitaji kamusi kuyaelewa. Aliyepiga simu akamkosa mshauri atapigiwa kabla ya saa sita mchana wa kesho yake, hata kama jibu ni kwamba jibu halijapatikana. Na mshauri asipokuwepo, atakayempokea mteja asome kadi kwanza ndipo afungue mdomo. Profesa alicheka, akakubali yote, na hakufanya hata moja. Barua zake aliziandika Kalamu wiki za mwanzo, akinung'unika, kisha akachoka akaacha.

Mkurugenzi, kwa upande wake, moto ulimwingia hata ukapita kiasi. Wiki iliyofuata alileta karatasi yenye maneno ambayo kila mtu alipaswa kuyasema akipokea simu: "Hujambo, umefika nyumbani kwa fedha zako, sisi ni jamaa zako, tukusaidie nini leo?" Bi Kadi aliyasema mara mbili. Mtu wa kwanza alikata simu. Wa pili aliuliza kama ameingia kwenye kipindi cha redio na kama kuna zawadi.

Akairudisha karatasi. "Bosi, mteja anataka tumkumbuke. Hataki tumwimbie."

Karatasi haikuonekana tena.

Usidhani Bi Kadi hakukosea. Alikosea, tena vibaya. Kulikuwa na mteja mmoja, mwanamke fundi cherehani, mwenye maswali mengi. Mkurugenzi alipomaliza naye siku moja alitoka akijifuta jasho, akamwambia Bi Kadi aandike: "Huongea sana. Apewe nusu saa tu. Mgomvi kuhusu ada." Bi Kadi aliandika kama alivyoambiwa, kwa mwandiko wake mzuri wa kliniki. Miadi iliyofuata Mkurugenzi alitoka chumbani kutafuta fomu na kuiacha kadi mezani. Fundi cherehani hakuwa mtu wa kukaa mbele ya maandishi bila kuyasoma. Aliyasoma kwa sauti, mpaka mapokezi wakasikia, kisha akachukua mkoba wake na kuondoka bila kuaga.

 Miaka kumi na tisa ya kliniki Bi Kadi hakuwahi kumwaibisha mgonjwa.

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, alikwenda dukani kwa yule mama. Lilikuwa duka dogo lenye vipande vya nguo vilivyofungwa kwa kamba na kuandikwa majina ya wenyewe. Fundi alimwona, akaendelea kushona. Alishona upindo mzima wa sketi, mgeni amesimama mlangoni.

"Ule mwandiko ni wako?" aliuliza mwishowe.

"Ni wangu, dada."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nimekuandika ulivyosimuliwa, sikukuandika ulivyo. Nimekuja kuomba radhi. Mkurugenzi naye atakupigia, lakini mkono ulioandika ni huu."

Cherehani ilinyamaza. Fundi alikata uzi kwa meno. "Unajua kwa nini nauliza sana? Zamani nilisaini makaratasi ya mtu bila kuuliza hata swali moja, kwa sababu alivaa tai. Akiba ya miaka saba ikaenda. Sasa kama mnaniandika, andikeni hilo."

Bi Kadi alitoa kalamu palepale. Hakuwa na kadi, akaandika nyuma ya risiti: "Huuliza sana, ana sababu. Aelezwe ada kabla hajauliza."

"Soma," fundi alisema.

Akasoma.

"Hapo sawa. Na hiyo nusu saa?"

"Imefutwa."

Aliporudi ofisini alichukua sanduku lote akaenda nalo nyumbani, na Jumapili akazipitia kadi zote mia mbili na kumi, akijiuliza kama angeweza kuisoma kila moja mbele ya mwenyewe. Thelathini na nne alizichana. Akamwomba Mkurugenzi kabati la chuma lenye ufunguo, na tangu siku hiyo ikawa sheria: mteja yeyote akitaka kuiona kadi yake, anapewa. Waliotaka walikuwa wachache. Mzee mmoja aliomba yake isahihishwe umri, akisema wamemzeesha kwa miaka miwili.

Mwaka wa pili, mwezi wa saba, Profesa aliteleza kwenye zile ngazi na kuvunjika mguu mahali pawili. Alikuwa na wateja sitini na watatu, na kadi zao zote zilikuwa nyeupe. Siku ya kwanza walipiga simu tisa. Mmoja aliuliza kama lile walilozungumza Alhamisi limeshafanyika. Lipi? Hakuna aliyejua.

Bi Kadi na Kalamu walichukua kadi tupu, wakaenda nyumbani kwa Profesa alasiri tatu mfululizo. Walimkuta kwenye kochi, mguu wenye plasta juu ya kigoda, mkewe akiingia na kutoka na chai. Alianza kusema, nao wakaandika. Na lazima isemwe kwamba kile kichwa hakikuwa cha mchezo. Alijua nani alimuuzia kaka yake kiwanja na kujuta, nani halali usiku akisikia hisa zimeshuka hata kidogo, na binti wa nani amekataa kuolewa na yuko sahihi. Mara mbili Bi Kadi aliacha kuandika, akabaki kusikiliza. Alikuwa amemhesabu Profesa kuwa mvivu. Sasa aliona kwamba watu hawa aliwapenda, ila hakupenda makaratasi.

Siku ya pili walifika kwa mfamasia mmoja.

"Huyu ana binti anayekwenda chuo mwezi wa kwanza," alisema Profesa. "Nilimshauri avunje ile akiba yake ya muda maalumu, atoe karo mapema."

Mkewe alikuwa anaweka vikombe. "Si yule nesi mwenye binti wa chuo? Mfamasia wako ulisema hawakujaliwa mtoto. Ulinisimulia mwenyewe, ukasikitika."

 Profesa alivua miwani, akaipangusa kwa shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Ya nani hiyo karo, basi?" alijiuliza kwa sauti ndogo. "Niletee simu."

Alimpigia mfamasia mwenyewe, mbele yao. Ilikwisha kutokea. Yule bwana alikuwa ameivunja akiba na kupoteza faida ya miezi mitano. Hakuelewa sababu ya kuivunja, lakini hakuuliza, kwa kuwa alidhani Profesa anajua jambo ambalo yeye halijui. "Nilikuamini," alisikika akisema kwenye simu, si kwa hasira. Profesa alimwambia kwamba amemchanganya na mtu mwingine, kwamba kosa ni lake peke yake, na kwamba ofisi itafidia. Mkurugenzi alifidia, na nusu yake aliikata kwenye mshahara wa Profesa, ambaye hakubisha.

Aliporudi kazini kwa magongo alikuwa mtu wa kadi. Mwandiko wake ulifanana na nyayo za kuku, na barua zake zilikuwa ndefu kama hotuba ya harusi, lakini zilitoka ndani ya siku mbili. Wateja wake wawili waliondoka wakisema ofisi imekuwa kama hospitali, na kwamba walimzoea Profesa wa zamani. Bi Kadi hakubishana nao. Aliwafungia kadi zao kwenye bahasha, akawapa waende nazo.

Miaka minne imepita tangu aajiriwe. Mkurugenzi alimpa cheo, msimamizi wa huduma, na mapokezi wakamweka mtu mwingine aliyemfundisha mwenyewe. Mwaka huu binti yake alijifungua mtoto wa kwanza katika mji mwingine, naye akaomba ruhusa ya wiki mbili. Alikwenda na simu mbili, ya kwake na ya ofisi, akahakikisha zina chaji. Alimwogesha mjukuu, akapika, akafua, kila mara akichungulia simu. Siku ya kwanza haikulia. Ya tatu haikulia. Siku ya tisa alishindwa kuvumilia, akapiga mwenyewe.

Kalamu ndiye aliyepokea. "Mama! Mtoto mzima? Kuna tatizo?"

"Mtoto mzima. Nauliza huko kwenu."

"Huku salama. Fundi cherehani alikuja jana, nikampokea mimi. Mapokezi wanakusalimu. Pumzika, mama."

Bi Kadi alikata simu, akakaa kitandani pembeni ya binti yake.

"Wamesemaje?" binti aliuliza.

"Wanasema salama."

"Sasa mbona umenuna?"

"Sijanuna." Alinyoosha mikono kumpokea mtoto. "Lakini wangepiga hata mara moja, jamani. Hata ya uongo."

Binti yake alicheka mpaka mtoto akaamka.